Futi 30 kwa Zamu: Mwendo wa Vitani katika Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliuchapisha Marekani mwaka 1974, ulitokana na michezo ya vita ya sanamu ndogo, ndiyo maana mwanzoni mwendo ulipimwa kwa inchi. Katika toleo la tano, lililotoka 2014, mhusika wa kawaida huenda futi 30 kwa zamu, na kila mraba wa ubao ni futi 5. Miraba sita, basi. Ubishi huanzia kwenye mshazari.

Kitabu cha toleo hilo kinahesabu futi 5 kwa kila mraba, hata mchezaji akikata kona. Anayepita miraba sita kimshazari huwa ametembea futi 42 na ushei kwa rula, ingawa ametozwa 30. Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilitoza futi 5 kwa mraba wa kwanza wa mshazari, 10 kwa wa pili, kisha 5 tena. Toleo la tano limeibakiza njia hiyo kama hiari. Kwa njia hiyo futi 30 hutosha miraba minne tu, yaani futi 28 hivi za kweli. Hesabu hiyo ni sahihi zaidi, lakini huchelewesha mchezo, na makundi mengi hayapati faida inayolingana na usumbufu wake.

Kuinuka baada ya kuangushwa hugharimu nusu ya mwendo, na ardhi yenye vikwazo huongeza gharama maradufu. Hapo hakuna mengi ya kubishania.

Shambulio la fursa ndilo lenye utata. Anayetoka katika eneo ambalo silaha ya adui inafika anaweza kupigwa papo hapo, lakini aliyesukumwa na mwingine hapigwi. Vipi aliyekimbia kwa hofu ya uchawi? Ikiwa uchawi umemlazimisha kutumia miguu yake na nafasi yake ya kujibu, anapigwa. Akirushwa na upepo, hapigwi.

Kanuni ya hiari ya kumbana adui katikati ndiyo huharibu mchezo bila watu kutambua. Wachezaji wawili wa upande mmoja wakisimama pande zinazokabiliana za adui, kila mmoja anapomshambulia hurusha dadu mbili za nyuso 20 na kuchukua kubwa. Anayehitaji 11 ili kupiga hupanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Toleo la tatu lilitoa nyongeza ya 2 tu, na kumzunguka adui kulikuwa hatari, kwani kutoka katika mraba wowote ambao adui aliweza kuufikia kulimpa nafasi ya kupiga. Katika toleo la tano kumzunguka ni bure mradi mtu asitoke nje ya eneo ambalo silaha ya adui inafika, kwa hiyo faida kubwa hupatikana bila gharama yoyote. Mwongozaji wa mchezo anayeitaka kanuni hii ama aipunguze iwe nyongeza ya 2, ama airudishe hatari ya zamani ya kuzunguka.