Picha ya mifupa kwa dawa ya mionzi: kwa nini kila saa ina thamani

Mgonjwa aliyegunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume au ya matiti hukabiliwa na swali zito kabla ya kuanza matibabu: je, ugonjwa umebaki pale ulipoanzia, au umekwisha kufika kwenye mifupa? Jibu la swali hilo huweza kubadilisha mpango mzima wa tiba. Mojawapo ya njia za kulipata ni kupiga picha ya mifupa kwa kutumia dawa yenye mionzi.

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha umbo la mfupa. Ili doa la ugonjwa lionekane wazi humo, mara nyingi mfupa huwa umekwisha kupoteza theluthi moja hadi nusu ya madini yake mahali hapo. Dawa ya mionzi haisubiri uharibifu huo, kwa maana yenyewe hufuata kazi inayoendelea ndani ya mfupa.

Mfupa, ingawa ni mgumu, ni kiungo hai kinachobomolewa na kujengwa upya siku zote. Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1935 mjini Copenhagen, pale George de Hevesy na mwenzake Ole Chiewitz walipowalisha panya fosforasi yenye mionzi na kukuta kwamba sehemu ya fosforasi ya mifupa ilikuwa ikibadilishwa na mpya. Dawa inayotumika zaidi leo imejengwa juu ya msingi huo huo. Ni dutu ya jamii ya fosfati iliyounganishwa na tekneti-99m, elementi inayotoa mionzi ya gama.

Dawa hiyo hudungwa kwenye mshipa wa mkono. Mgonjwa husubiri kati ya saa mbili na nne, huku akinywa maji na kwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa sababu takriban nusu ya dawa hushika mifupani na sehemu kubwa ya iliyobaki hutolewa na figo. Kisha hulala chini ya kamera ya gama. Kamera hiyo haitoi mionzi. Hupokea ile inayotoka mwilini. Pale ambapo mfupa unajengwa kwa kasi isiyo ya kawaida, dawa hujikusanya zaidi na doa huonekana.

Hata hivyo, doa peke yake si hukumu. Mfupa uliovunjika na unaounga, ugonjwa wa viungo au maambukizi huweza kuacha alama inayofanana na ya saratani. Kwa hiyo daktari hulinganisha picha hiyo na historia ya mgonjwa na vipimo vingine kabla ya kutoa uamuzi.

Wengi huogopa neno mionzi. Kiasi ambacho mwili hupokea katika kipimo hiki hukaribia kile ambacho binadamu hupata kutoka ardhini, angani na katika chakula kwa muda wa miaka miwili hivi. Mama mjamzito au anayenyonyesha anapaswa kuwaeleza wahudumu mapema, kabla ya kudungwa sindano.

Ugumu mkubwa wa dawa hii uko kwenye saa. Nguvu ya tekneti-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita; baada ya siku moja, hubaki sehemu moja tu kati ya kumi na sita. Sifa hiyo humlinda mgonjwa, lakini huizuia hospitali kuweka akiba. Kwa sababu hiyo, hospitali huletewa chombo maalumu chenye molibdeni-99, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 66 na ambayo huzaa tekneti. Mafundi hupitisha maji ya chumvi ndani ya chombo hicho na kuichukua tekneti. Baada ya wiki moja hivi, chombo kingine huhitajika.

Molibdeni hiyo kwa kiasi kikubwa hutokana na urani inayopigwa mionzi katika vinu vichache vya nyuklia duniani. Barani Afrika, mzalishaji mkubwa ni Afrika Kusini, kupitia kinu cha SAFARI-1 kilichopo Pelindaba, kilichoanza kazi mwaka 1965. Udhaifu wa utaratibu huu ulionekana katika miaka ya 2009 na 2010. Kinu cha NRU cha Kanada kilisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuvuja, na katika kipindi hicho hicho kinu cha Petten, Uholanzi, kikafungwa kwa matengenezo. Viwili hivyo vilikuwa vikitoa zaidi ya nusu ya mahitaji ya dunia. Hospitali katika nchi nyingi, zikiwemo tajiri, ziliahirisha vipimo.

Kwa hospitali zilizo mbali na vinu hivyo, ndege inayochelewa kwa siku moja hupunguza idadi ya wagonjwa watakaopimwa wiki hiyo. Ndiyo maana mgonjwa aliyepangiwa kipimo hiki hana budi kufika kwa wakati, au kutoa taarifa mapema akiwa na udhuru. Dozi iliyoandaliwa asubuhi kwa ajili yake haiwezi kumsubiri hadi kesho, ila huweza kumsaidia mgonjwa mwingine anayengoja zamu yake.