Kabla fundi hajagusa rimoti ya gari lako, soma hii

Uko ghorofa ya nne, kikombe cha chai mkononi. Unabonyeza rimoti na huko chini gari linanguruma lenyewe. Mbogi yote inageuka kuangalia. Tukiambiana ukweli, hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayofanya vijana wengi Nairobi watake gari la kuwashwa kwa mbali. Baridi ya Limuru mwezi wa Julai na jua la Nyali saa nane mchana ni visingizio vizuri tu.

Hakuna ubaya. Doo ni zako na gari ni lako. Shida ni kwamba ukiulizia mambo haya mtaani, fundi anakuuliza swali moja: "Una ngapi?" Hakuulizi gari lilikuja na mfumo gani kutoka kiwandani, wala ni nini hasa unataka kibadilishwe. Na mfumo wa kiwandani una vizuizi kadhaa ndani yake. Vingine viliwekwa kwa ajili ya biashara. Vingine viliwekwa kwa sababu magari yaliibwa na watu wakafa. Kazi yako kabla ya kulipa deposti ni kujua kipi ni kipi.

Anza kwa kujua una nini. Sheria yetu inataka gari la mtumba liwe halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe upande wa kulia. Ndiyo maana mengi yanatoka Japani. Huko, hasa Hokkaido ambako theluji huanguka kwelikweli, watu huongezea magari yao vifaa vya kuwashia injini kwa mbali kutoka kampuni kama Comtec, Yupiteru na Carmate. Gari likiuzwa kwa mnada na kupakiwa melini, ile rimoti ya ziada inaweza kubaki huko huku kisanduku chake kikija nalo, kimejificha chini ya dashibodi. Ukiona kijiantena cha plastiki kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, huenda ni cha kifaa hicho. Huenda pia ni cha kulipia barabara za Japani. Mwambie fundi akague, asikisie.

Mfumo wa kiwandani ni kitu tofauti. Hauna kisanduku cha pembeni, unaishi ndani ya kompyuta ya gari. Kwenye Toyota nyingi zinazouzwa Marekani, unabonyeza kitufe cha kufunga milango mara mbili, halafu mara ya tatu unakishikilia kwa sekunde chache. Kabla ya kuwasha, kompyuta inajiuliza maswali. Milango imefungwa? Boneti limefungwa? Gia iko P? Kuna mtu amekanyaga breki? Jibu lolote likiwa baya, injini haiwaki. Ikiwaka, inapewa dakika zake, mara nyingi 10, kisha inazima yenyewe. Na kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, ukifungua mlango tu, injini inazima.

Hapo ndipo watu huanza kukasirika na kutafuta fundi.

Baadhi ya hasira hizo nazielewa. Desemba 2021 kulikuwa na kelele Marekani baada ya wenye Toyota kugundua kwamba rimoti ya ufunguo wao itaacha kuwasha injini muda wao wa huduma ya Remote Connect ukiisha na wasipolipia. Kumbuka rimoti hiyo inaongea na gari moja kwa moja, haihitaji intaneti. Gari ulishanunua, kitufe kiko mkononi, lakini unaambiwa ulipe kila mwezi ili kifanye kazi. Baada ya makelele, kampuni ilisema italitazama upya suala hilo. Hicho ni kizuizi cha biashara, na mtu akitaka kukiondoa simlaumu.

Kuna mengine pia yasiyo na madhara ukiyabadilisha. Ford, kwa mfano, humwachia mwenye gari achague dakika 5, 10 au 15. Kuna programu kama FORScan, ambayo huunganishwa kupitia lile tundu la kupimia gari chini ya usukani na kubadilisha mipangilio ya Ford bila kukata waya hata mmoja. Kuna pia vifaa vya kampuni kama Fortin ya Quebec, Kanada, ambavyo kwa magari mengi hukuruhusu utumie rimoti yako ya kiwandani: bonyeza kufunga mara 3 na gari linawaka. Huhitaji kubeba rimoti ya pili kama mlinzi wa geti.

Sasa tuje kwa vizuizi vya kuacha.

Cha kwanza ni imobilaiza. Ndani ya ufunguo wako kuna chipu ndogo yenye kodi. Kompyuta isipoisikia kodi hiyo, injini haiendi, hata mwizi akipindua swichi na bisibisi. Rimoti ya kuongezewa ina tatizo hapo: wewe uko ghorofani na ufunguo wako, sasa gari litaisikia kodi kutoka wapi? Kifaa kizuri hufundishwa kodi hiyo na kuitoa kwa njia ya data wakati wa kuwasha tu. Fundi wa haraka ana njia yake. Anachukua ufunguo wako wa pili, au chipu yake, anaufunga kwa tepu chini ya dashibodi na kukwambia, "Iko sawa, buda." Nimeona hii kwa macho yangu, na kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Kifaa hicho kikiunganishwa vibaya, kodi inakuwa iko karibu na swichi saa zote, na gari halitofautishi tena kati yako na mtu aliyevunja kioo.

Ukidhani natisha watu bure, angalia yaliyowapata Wamarekani. Hyundai na Kia nyingi zilizouzwa huko kati ya 2011 na 2021 hazikuwa na imobilaiza. Siri ikatoka, video zikasambaa TikTok, na wizi wa magari hayo ukapanda vibaya mno. Mei 2023 kampuni hizo zilikubali suluhu ya takriban dola milioni 200 na wenye magari. Jirani zao Kanada hawakupatikana hivyo, kwa sababu sheria ya huko ilikuwa imelazimisha imobilaiza tangu Septemba 2007. Tofauti ilikuwa kile kichipu. Sasa wewe unataka kulipa mtu akiue?

Cha pili ni saa ya kuzima. Watu wengi hutaka dakika 10 ziwe 30, au injini isizime kabisa. Fikiria unapoegesha. Ni besmenti ya apatimenti Kilimani? Ni ploti ambapo pua ya gari inagusa dirisha la bedsita ya mtu? Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa kwenye nyumba iliyofungwa. Haina rangi wala harufu. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliripoti kwamba tangu 2006 zaidi ya watu 24 walikuwa wamekufa Marekani kwa gesi hiyo, baada ya magari yasiyotumia ufunguo wa kuzungusha kuachwa yakiwaka kwenye gereji za nyumbani. Novemba 2021 sheria ya miundombinu ya huko ikaagiza iwekwe kanuni ya magari kama hayo kujizima. Rimoti ikiwa mfukoni na ukaikalia, kile kipima muda ndicho kinachomlinda jirani yako.

Na usidanganywe kwamba injini inahitaji kupashwa moto nusu saa. Injini za siku hizi zinataka sekunde chache, halafu uendeshe polepole kwanza. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Injini ndogo ya petroli ikiwaka bila kwenda hunywa kati ya nusu lita na lita 1 kwa saa, kutegemea kiyoyozi. Ukiiwasha dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku 22 za kazi, hizo ni zaidi ya saa 7 kwa mwezi. Ni lita 4 hadi 7 zimechomwa gari likiwa limesimama. Ziongeze ziwe dakika 30 uone utakavyolia kwenye petroli.

Cha tatu ni swichi za boneti, breki na gia. Fundi anayetaka kumaliza haraka huziruka, kwa sababu gari linawaka hata bila hizo. Halafu siku moja mtu ameingiza mkono karibu na mkanda wa injini, na mtoto kwa nyumba anachezea rimoti. Kama gari lako ni la gia za mkono, mambo ni mabaya zaidi. Ukiliacha kwenye gia ya kwanza, likiwashwa linaruka mbele, na hakuna mtu ndani wa kulishika. Kwa magari hayo, ushauri wangu ni mfupi: achana na hii stori.

Halafu kuna waya. Gari la mkopo mara nyingi lina traka, na traka nyingine zina uwezo wa kuzima injini. Ongeza alamu uliyowekewa na dila, kisha rimoti juu yake. Vitu vitatu vinagombania waya mmoja wa swichi, vimefungwa kwa tepu. Gari likigoma usiku Thika Road, hakuna fundi atakayekubali ni kazi yake. Uliza kama kuna soketi ya kuchomeka inayolingana na gari lako badala ya kukata waya za kiwandani. Ijulishe pia bima kwa maandishi. Usisubiri gari liibwe ndipo waanze kuuliza nani alifungua dashibodi.

Kazi ikiisha, usiridhike na video ya gari likinguruma. Egesha mahali tambarare, nje, uvute handibreki, ufanye majaribio 5 fundi akiwa hapo.

Kwanza, washa kwa rimoti, kisha ufungue boneti. Injini izime.

Pili, mtu akanyage breki halafu wewe ubonyeze rimoti. Ikatae.

Tatu, weka gia N ujaribu kuwasha. Ikatae pia.

Nne, washa kwa rimoti, kisha peleka funguo zote mbili mbali. Mwambie fundi aingie ndani ajaribu kuitoa gia P. Injini izime. Na kama ufunguo mmoja hauonekani, muulize uko wapi.

Tano, iache iwake na uangalie saa hadi ijizime yenyewe.

Jaribio hata moja likikataa, usilipe salio.