Mtoto Auone Mkono Wake Ukiandika

Mtoto mwenye uoni hafifu huandika pua ikikaribia kugusa daftari. Kivuli cha kichwa kinaufunika mstari, mkono unaificha herufi, na "a" isiyofungwa juu inasomeka "u". Hapo huambiwa ana mwandiko mbaya, au huhesabiwa kipofu na kufundishwa nukta nundu peke yake. Hukumu zote mbili zinamwonea. Mtoto huyu anaona kiasi, ila hajawahi kuona vizuri mkono wake ukiandika, na mwandiko hurekebishwa na jicho linalofuata kalamu.

Kamera ya video inaweza kuziba pengo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani, Samuel Genensky, mwanahisabati aliyekuwa na uoni hafifu tangu utotoni, alitengeneza na wenzake runinga ya kukuzia maandishi. Kamera hulitazama daftari kutoka juu. Mtoto hukaa wima, huandika chini ya kamera huku macho yakiwa kwenye skrini, na herufi huonekana kubwa kama kiganja. Anaona wino ulipoanzia, ulipopinda na ulipoacha mwanya. Mwalimu naye anaona hayo hayo papo hapo, badala ya kusubiri kusahihisha. Rangi nazo hugeuzwa, maandishi meupe juu ya weusi, na hiyo ni nafuu kubwa kwa watoto wenye ualbino, ambao macho yao huchezacheza na kuumizwa na mwanga mkali.

Mkoani Kagera, Tanzania, Shule ya Msingi Mugeza Mseto ya Bukoba inajulikana kwa kuwapokea watoto wenye ulemavu. Lakini mtoto wa Kaniha, wilayani Biharamulo katika mkoa huo huo, ana haki ya kujifunza karibu na kwao, na kamera imfuate huko. Wapo watakaosema mashine hizi ni ghali na umeme hauaminiki. Ni kweli, ila simu janja iliyofungwa kwenye kishikizo na kuunganishwa kwa waya na runinga hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na paneli ya jua inaweza kuziwasha. Wengine watauliza: kuandika huku ukitazama kwingine si kumchanganya mtoto? Mwanzoni humchanganya, ndiyo maana huanza na mistari na duara kabla ya herufi. Na wanaoona kompyuta inatosha wakumbuke kwamba mitihani ya shule bado inataka kalamu, na fomu hutiwa saini kwa mkono. Nukta nundu ibaki kwa anayeihitaji, hasa ambaye uoni wake unazidi kufifia.

Kamera haimponyi mtoto, wala haichukui nafasi ya kalamu ya wino mzito, mistari mipana na kiti kisichoelekea dirishani. Inachofanya ni kumrudishia kazi iliyo yake. Akiiona "a" yake ina mwanya juu, ataifunga mwenyewe, bila kuambiwa.