Madini ya urani Bahi: Kamati zetu zielewe nini?

Katika ziara zetu sharikani, swali moja limekuwa likijirudia: je, maji na mpunga wa Bahi ni salama ikiwa ardhini kuna urani? Katika toleo hili tungependa kulieleza jambo hili kwa lugha nyepesi.

Urani ni metali nzito ya asili inayotoa mionzi. Ilitambuliwa mwaka 1789 na Mjerumani Martin Klaproth. Mionzi yake iligunduliwa mwaka 1896 na Mfaransa Henri Becquerel. Hubadilika polepole mno: nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka.

Imefikaje Bahi? Miamba ya granaiti ya kanda ya kati ina urani kidogo kidogo. Maji ya mvua huiyeyusha, na mito, ukiwemo Bubu, huyapeleka bondeni. Bonde la Bahi halina njia ya kutolea maji. Jua likiyakausha, urani hubaki pamoja na chumvi na chokaa, karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana kampuni ya Uranex ya Australia ilifanya utafutaji Bahi na Manyoni.

Hatari kubwa si kuikanyaga, kwani sehemu kubwa ya mionzi yake haipenyi ngozi. Hatari ni kuinywa katika maji au kuivuta katika vumbi. Ikizidi mwilini hudhuru figo. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 30 katika lita moja ya maji ya kunywa. Haina ladha wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa hiyo maji kuwa matamu si uthibitisho wa usalama, na uvumi wa mtaani nao si uthibitisho wa sumu. Kipimo ndicho kitakachosema.

Tunashauri yafuatayo:

1. Kila andiko la mradi wa kisima liwe na fungu la kupima urani, sambamba na floraidi na chumvi.

2. Sampuli ipimwe kabla pampu haijafungwa. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye dhamana ya masuala ya mionzi.

3. Majibu yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, hata yasipopendeza.

Wafadhili wetu wapendwa, gharama ya kipimo ni ndogo kuliko ya kisima kitakachofungwa baadaye. Akina mama wanaoamka alfajiri kuchota maji wana haki ya kujua wanachobeba ndooni.