Mafuta ya Boti na Mlinganyo wa Mstari Ulionyooka



Wengi wenu hudhani mlinganyo wa mstari ni mambo ya ubaoni tu. Hebu tuuangalie kwa boti ya injini itokayo Nyamisati kwenda vijiji vya delta, kama Mbwera au Msala. Mafuta yakikwisha katikati ya mikoko, hakuna wa kumwomba.

Tuseme baada ya mwendo wa saa 1 nahodha amepima tangi, zimebaki lita 48. Baada ya mwendo wa saa 3 zimebaki lita 24. Muda wa safari tuuite x (si saa ya ukutani!), na mafuta yaliyobaki tuyaite y. Tuna nukta mbili: (1, 48) na (3, 24), nazo zinatosha kuupata mstari.

Kwanza tafuta mteremko, yaani badiliko la y gawanya kwa badiliko la x:

(24 − 48) ÷ (3 − 1) = −24 ÷ 2 = −12

Hapa ndipo wengi huanguka. Juu huanza na nukta ya kwanza, chini huanza na ya pili, wakapata 12 bila alama ya kutoa. Maana yake kila saa tangi linaongezeka lita 12! Injini ya namna hiyo ingekuwepo, nauli ya delta ingekuwa bure.

Sasa andika y = −12x + c. Weka nukta ya kwanza: 48 = −12 + c, basi c = 60. Mlinganyo ni:

y = −12x + 60

Hakiki kwa nukta ya pili: −36 + 60 = 24. Sawa.

Mstari unakata mhimili wa y pale x = 0, ndipo y = 60: hizo ni lita alizoondoka nazo gatini. Unakata mhimili wa x pale y = 0, yaani 12x = 60, x = 5. Baada ya saa 5 tangi ni tupu.

Anayetaka kwenda na kurudi bila kuongeza mafuta ageuze kabla ya saa 2 na nusu, zikiwa zimebaki lita 30. Lakini mstari wetu umenyooka kwa sababu tumechukulia injini inakunywa sawasawa kila saa. Kama kurudi ni kupanda mkondo maji yakipwa, na nahodha akaikaza injini ili asipunguze mwendo, injini hunywa zaidi, mstari unashuka kwa kasi, na ile 5 inasogea kushoto. Huyo ageuze mapema zaidi.