Paa, Jua na Kuwahi: Biashara ya Kiti Mbeya na Iringa

Mbeya haina ukumbi mkubwa wa ndani wa michezo na burudani. Iringa nayo haina. Anayetaka kukaa chini ya paa moja na watu elfu kumi atasafiri hadi Kigali, ilipo BK Arena iliyofunguliwa mwaka 2019. Hata hivyo, biashara ya kuuza mahali pa kukaa ipo Nyanda za Juu Kusini. Ipo Uwanja wa Sokoine, ipo Samora pale Iringa, ipo kwenye kumbi za miji hiyo miwili, na ipo kwenye vibanda umiza vya mitaani vinavyoonyesha mpira wa runinga. Kinachoshangaza ni jinsi wauzaji wanavyoijua kidogo bidhaa yao. Wanauza mlango. Mteja akishapita hapo, mengine atajua mwenyewe.

Tuanze na Sokoine, maana ndiko kwenye fedha. Uwanja huu, unaobeba jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, ni mali ya Chama cha Mapinduzi, kama ilivyo Samora na viwanja vingine vingi vya mikoani. Unachukua watazamaji wapatao 20,000. Kwa msimu wa 2025/26 umekuwa na wapangaji wawili wa Ligi Kuu: Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza, na Mbeya City, timu iliyoanzishwa na Halmashauri ya Jiji, ambayo ilishuka daraja mwaka 2023 na kurejea miaka miwili baadaye.

Tiketi za hapo, kwa kawaida, ni za aina mbili kubwa: jukwaa kuu, ambalo watu huliita VIP, na mzunguko. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili huonekana kubwa kwa mtu asiyeijua Mbeya. Kwa wenyeji haina maajabu, kwa sababu wanajua kwamba anayekata VIP ananunua paa zaidi ya kiti. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ligi huchezwa kuanzia Agosti hadi Mei au zaidi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya msimu inaangukia kwenye masika, na mvua ya Mbeya haina utani: ikikukuta kwenye zege la mzunguko, kipindi cha pili utakitazama ukitetemeka. Mechi ya Septemba ni habari nyingine. Jua ni kavu, upepo ni wa baridi, na mwenye koti anaweza kukaa popote.

Ndiyo maana bei moja ya VIP kwa msimu mzima ni hesabu mbovu. Paa la Februari lina thamani kuliko paa la Septemba. Mfanyabiashara wa mwavuli pale nje ya geti analijua hilo, na bei yake hupanda wingu likianza kujikusanya upande wa Mlima Loleza. Klabu hupanga viingilio kwa kutazama jina la mgeni tu.

Kwa anayekwenda mzunguko, ambao ndio wengi, kuna mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ni jua. Mechi nyingi za mchana huanza saa nane au saa kumi, wakati ambapo jua limeshaelekea magharibi. Ukikaa upande wa mashariki utalitazama usoni dakika tisini, na mpira wa juu ukipigwa utauona kivuli chake kwanza. La pili ni kimo. Safu za chini, karibu na uzio, hupendwa na wanaotaka kumtania mchezaji wa pembeni kwa jina lake. Raha hiyo ni ya kweli, lakini kutoka hapo uwanja huonekana umelala na huwezi kujua beki gani kaacha nafasi. Panda hadi katikati ya ngazi au juu zaidi. La tatu ni pembe. Watu hukimbilia katikati ya uwanja, usawa wa mstari wa kati, kisha wakibananishwa huhamia nyuma ya goli. Kwa maoni yangu mahali panapodharauliwa isivyo haki ni kwenye kona, juu kabisa. Kutoka hapo unaona timu inavyojipanga kwa urefu na kwa upana, goli moja liko karibu, na njia ya kutokea haiko mbali.

Hayo yote yana maana kama umefika mapema. Tiketi ya mzunguko haikupi namba ya kiti. Inakupa haki ya kwenda kugombania. Nyongeza ya bei, kwa hiyo, hulipwa kwa saa: Simba au Yanga ikija, mwenye kazi ya kuajiriwa akitoka ofisini atakuta palipobaki, na kijana aliyefika saa nne asubuhi na mkate wake atakuwa amekaa pazuri kuliko meneja wa benki. Kuna haki fulani katika mpangilio huo, nakubali. Kibiashara ni hasara, kwa sababu meneja alikuwa tayari kuongeza elfu kadhaa ili mahali pake pamngoje, na hakuna aliyemuuzia nafasi hiyo.

Sasa hesabu. Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila klabu inacheza mechi 15 nyumbani. Katika hizo, mbili ndizo zinazojaza uwanja bila matangazo: ya Simba na ya Yanga. Kwa kuwa Mbeya ina timu mbili, jiji linapata siku nne kubwa, ukiongeza na pambano la wenyewe kwa wenyewe kati ya Prisons na Mbeya City. Zinabaki mechi ishirini na kitu ambazo zege halipati wa kulikalia. Tuseme, kwa mfano tu, mechi kubwa iingize watu 12,000 wa mzunguko kwa shilingi 5,000 kila mmoja: ni shilingi milioni 60. Toa VAT ya asilimia 18, toa gharama za tiketi, toa mgawo wa uwanja, wa shirikisho, wa bodi ya ligi na wa chama cha mkoa, ndipo klabu ihesabu chake. Kinachobaki kinasaidia, ila hakiendeshi timu kwa msimu.

Dawa yake haihitaji ujenzi. Klabu ingeweza kuuza tiketi ya msimu inayobeba mechi zote 15, na mwenye nayo akawa na uhakika wa kiti chenye namba chini ya paa siku ya Simba na siku ya Yanga. Atakayeinunua kwa ajili ya siku hizo mbili atakuwa ameshalipia na zile kumi na tatu, na kwa kuwa ameshazilipia, baadhi atakwenda. Mbeya City hasa wana historia ya kuifanya kazi hiyo iwezekane. Msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, chini ya kocha Juma Mwambusi, walimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, na mashabiki wao wa zambarau walisafiri na timu hadi Dar es Salaam. Mtu aliyekubali kusafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi hawezi kushindwa kulipia kiti kilichoko mtaani kwake, mradi auziwe kitu kinachoeleweka.

Kwa nini hawauzi? Sehemu ya jibu ni televisheni. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka walitia saini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha za runinga huja hata kama jukwaa ni tupu, na hazimuulizi katibu wa klabu amepanga vipi viti. Matokeo yake runinga imekuwa mfadhili wa klabu na mshindani wa mlangoni kwa wakati mmoja, kwa sababu ndiyo inayowalisha wenye vibanda umiza.

Na wenye vibanda, niseme wazi, wanaijua biashara ya kiti kuliko klabu yoyote. Kwa mia tano au elfu moja unapata benchi, bati juu ya kichwa, na skrini iliyoinuliwa ili wa nyuma naye aone. Watoto hukaa chini mbele, watu wazima kwenye mabenchi, na waliochelewa husimama nyuma. Mwenye kibanda anajua siku ya mechi mbili kali lazima mechi ya kwanza ikiisha aanze kukusanya upya. Anajua nani anapenda kukaa wapi. Mvua ikinyesha, bati hupiga kelele hadi mtangazaji asisikike, lakini hakuna anayelowa.

Iringa ni somo la upande wa pili: kiti kipo, mchezo hakuna. Lipuli, Wanapaluhengo, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Mwaka 2019 waliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapo hapo Samora, kisha wakafungwa 1–0 na Azam kwenye fainali iliyochezwa Lindi. Mwaka mmoja baadaye walishuka, na tangu hapo mji haujawa na timu ya Ligi Kuu. Samora haikupungua hata ngazi moja, ila hakuna mgeni wa kuipandisha bei. Kwa mwekezaji anayefikiria kujenga ukumbi mkubwa Iringa, hilo ndilo swali la kujibu kabla ya kuuliza bei ya saruji: siku 365 za mwaka, nani atacheza, nani ataimba?

Kumbi zilizopo, kama ule wa Mkapa jijini Mbeya, zinajibu kwa kuchanganya: harusi, mikutano, mahafali, mikesha ya dini, tamasha la msanii kutoka Dar. Sakafu zake ni tambarare, viti ni vya plastiki, na promota huweka meza za VIP mbele kabisa. Hapa mnunuzi awe makini. Meza ya mbele hukaa miguuni pa spika kubwa. Utamwona msanii vizuri na kesho yake masikio yatalia. Sauti nzuri ipo pale alipokaa fundi mitambo, kwa sababu anaipima kwa masikio yake mwenyewe, na mara nyingi hapo ni katikati ya ukumbi au nyuma kidogo, kwenye eneo la tiketi ya kawaida. Kasoro ni vichwa vya watu: sakafu ikiwa tambarare, wa mbele wakisimama nawe utasimama. Tafuta kiti cha pembeni mwa njia.

Kwenye ukumbi wa ngazi kama ule wa Kigali mambo hubadilika. Kwenye mpira wa kikapu, bora ni safu za kati za upande mrefu. Kwenye tamasha, jukwaa huwekwa upande mmoja, viti vya nyuma yake havina kazi, na ngazi za chini za pembeni, karibu na jukwaa, huzidi viti vya sakafuni vilivyo mbali ingawa mara nyingine vya sakafuni huuzwa ghali zaidi. Ramani ya viti humwonyesha mnunuzi haya kabla hajalipa.

Fedha kubwa za viwanja kwa sasa zinaelekea kwingine, ikiwemo Arusha, ambako uwanja wa watu 30,000 umepangwa kwa ajili ya AFCON 2027. Mbeya itaendelea na Sokoine yake kwa muda. Kupaka namba kwenye viti vya jukwaa kuu, kuugawa mzunguko sehemu tatu kwa rangi, na kubandika ramani dirishani pa tiketi ni kazi ya wiki moja na makopo kadhaa ya rangi, na ingeweza kufanyika kabla Yanga haijafika tena mjini.