Kichwa Kinauma, Kumbe ni Taya

Akina mama wengi huamka na maumivu panjani, yaani pale kati ya jicho na sikio. Wakipimwa malaria, hawana. Presha ni nzuri, macho hayana kasoro. Basi hurudi dukani kununua vidonge, na miezi inapita.

Hebu, mama, weka vidole panjani pande zote mbili, kisha ukaze meno. Umesikia kitu kikituna? Huo ni msuli wa kutafunia. Umetandaa ubavuni mwa kichwa ukashuka hadi taya la chini. Sasa weka vidole mbele kidogo ya tundu la sikio, ufungue na kufumba kinywa. Kinachocheza hapo ni kiungo cha taya. Msuli ukikazwa usiku kucha huchoka kama miguu ya aliyepanda mlima na mzigo, na maumivu yake husikika kichwani.

Wanaoumwa hivi ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengine husaga meno usingizini, wengine hulala na mawazo: ada ya shule, mgonjwa ndani, nyumba isiyo na amani. Husemwa kwamba anayesaga meno ana minyoo, au ana pepo. Dawa ya minyoo hailegezi taya. Kuombewa ni vema, nami huomba pamoja na wagonjwa, lakini kinywa nacho kitazamwe.

Dalili nyingine ni maumivu wakati wa kutafuna, sikio kuuma bila usaha, na kinywa kukataa kufunguka vizuri. Taya kulia tu bila maumivu kusikutishe.

Jambo linalonisikitisha ni meno kung'olewa bure. Nimewaona akina mama waliotolewa magego mawili, matatu, na kichwa kikaendelea kuuma. Kabla hujakubali, mwombe daktari wa meno akuonyeshe jino bovu ni lipi.

Kwa wiki chache acha miwa, mahindi ya kuchoma na chingamu. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kikamue, ukiweke shavuni kwa dakika 15, asubuhi na jioni. Mchana jizoeze kufumba midomo huku meno yameachana, maana hayana sababu ya kugusana ila wakati wa kula na kumeza. Usipopata nafuu, daktari wa meno aweza kukutengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku. Wengi hupona bila upasuaji.

Na vile vidonge? Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Lakini yapo ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: homa na shingo kukakamaa, taya kujifunga baada ya jeraha, ambayo yaweza kuwa pepopunda, mjamzito anayeumwa kichwa sana na kuona ukungu, na mtu aliyevuka miaka 50 ambaye panja linamuuma, taya linachoka akitafuna, na macho yanafifia. Huyo wa mwisho akichelewa aweza kupofuka.